Irine Namkunda na Mwaka Mzima wa Upepo

Mchungaji, wazee wetu, shikamooni. Ndugu zetu wa Myamba, wa Ugweno, wa Same mjini na mliosafiri kutoka Dar es Salaam, poleni na njia, poleni na msiba.

Tuliyekuja kumsindikiza leo ni Irine Namkunda Mrindoko, mke wa Joshua Mbwambo, mama yao Faustina na Elinami. Mimi Shukrani ni shemeji yake, mdogo wa mwisho wa Joshua. Kwenye ukoo huu kuna walimu wawili na karani wa mahakama, lakini yeye mwenyewe aliagiza nisome mimi niliyeishia kidato cha pili. Alisema, "Neno ambalo Shukrani halielewi lisiandikwe." Kwa hiyo mtasikia maneno ya kawaida.

Marehemu alizaliwa Jumatatu tarehe 14 Machi 1983, Kighare, Ugweno, wilaya ya Mwanga. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya sita wa Mzee Simeoni Mrindoko, ambaye alitangulia mwaka 2016, na Mama Ruthi, ambaye yuko hapa mbele yetu. Haya ya utotoni ametusimulia Mama Ruthi. Nyumbani kwao walikuwa wanaanika kahawa kwenye vichanja, na kazi ya Irine ilikuwa kuangalia mvua. Akiita, wote wanakimbia kufunika. Siku moja aliita, wakafunika, mvua haikuja. Kaka zake wakamcheka mpaka chakula cha mchana. Wengine wakafunua kahawa, yeye akagoma kutoka pale. Baba yake akamwuliza, "Namkunda, unatazama juu kama umeahidiwa kitu. Unangoja nini?" Akajibu, "Sijui nimekosea wapi, baba. Nikiondoka sitajua." Alikaa hapo mpaka jioni. Mvua haikunyesha hata tone. Mama Ruthi anasema alirudi ndani amenuna, akachukua mkaa, akachora kwenye ukuta wa jikoni mawingu ya siku hiyo yalivyokuwa.

Alisoma Shule ya Msingi Kighare kuanzia mwaka 1991 hadi 1997. Sekondari alisoma Mwanga, kidato cha tano na sita akasoma Moshi, akamaliza mwaka 2004. Mwaka huohuo akachaguliwa kwenda Kigoma kusomea kazi ya kupima hali ya hewa. Kutoka Ugweno mpaka Kigoma kwa basi na treni alikwenda siku nne, na sanduku la bati. Alimaliza mwaka 2006.

Kazi alianza mwaka huo, kwenye kiwanja kimoja cha ndege Kanda ya Ziwa. Kwa wasiojua, rubani kabla hajaruka au hajatua lazima aambiwe upepo unatoka wapi, una nguvu gani, mawingu yako juu kiasi gani, anaona umbali gani. Mwenye kumwambia ni mtu kama Irine. Kila saa anatoka, anapima, anaandika, anatuma. Iwe Krismasi, iwe anaumwa kichwa, iwe amegombana na mtu, saa ikifika anatoka. Miaka mitatu aliishi hivyo. Mwaka 2009 akahamishiwa Same.

Na Same ndipo alipomkuta Joshua. Kaka alikuwa na karakana ya kuchomelea karibu na stendi. Irine alimpelekea chuma cha kushikia kipima upepo kilichokatika. Joshua akamwambia arudi kesho. Akarudi kesho, hakijafanyika. Akarudi keshokutwa, hakijafanyika. Siku ya nne akaja na kigoda chake, akakaa mlangoni. Joshua anasema alimwuliza, "Dada, unakaa hapo mpaka lini?" Akajibu, "Mpaka moto uwake." Kaka akakichomelea hapohapo. Walifunga ndoa takatifu Jumamosi tarehe 7 Agosti 2010, usharika wa Kighare, na Mungu akawapa watoto wawili, Faustina mwaka 2011 na Elinami mwaka 2015.

Alipoletwa hapa Myamba mara ya kwanza, akina mama walimsalimu kwa Chasu, Kipare chetu, yeye akajibu kwa Kigweno cha kwao, kinachofanana na Kichaga. Mama yetu akaangua kicheko. "Joshua, tulikutuma mke umetuletea Mchaga." Irine akasema, "Ningekuwa Mchaga, mama, ukungu wenu huu ningeshaufungulia duka." Kuanzia siku hiyo walikuwa marafiki. Chasu alikijua ndani ya miaka miwili, ingawa mpaka mwisho alikisema kama mtu anayepanda ngazi gizani.

Sasa nieleze kilichomfanya asipumzike tena.

Tarehe 18 Julai 2013 ilikuwa msimu wa kusi, huu upepo wetu wa baridi unaotoka kusini-mashariki. Ndege ndogo ilikuwa inakwenda kutua kule mbugani, ina watu watano. Rubani ni Kapteni Yunus, ambaye amekuja leo, yuko pale nyuma amevaa kofia nyeupe. Aliuliza upepo wa Same. Irine akapima, akamwambia ni mdogo, kilomita nane kwa saa, njia ni salama. Kapteni akapita kando ya mlima upande wa barabara kuu. Ghafla ndege ikashuka kama imeachiwa kamba, ikainuka, ikapigwa tena. Mama mmoja aliyekuwa anakwenda kupika kambini alivunjika mkono. Walitua salama kwa neema ya Mungu.

Kesho yake Kapteni akaja ofisini. Irine alitegemea matusi. Kapteni akasema tu, "Dada, uliniambia kilomita nane. Huko juu nimetwangwa kama kisamvu." Irine akamfungulia kitabu, akamwonyesha. Kweli ni nane. Kapteni akatazama, akasema, "Basi wewe hukukosea na mimi sikukosea. Sasa nani amemkosea yule mama mwenye mkono?"

Irine alirudi nyumbani hakula. Alimwambia Joshua maneno ambayo Joshua ameniomba niyasome kama yalivyo. "Kipimo changu kilikuwa sahihi na watu watano walikaribia kufa. Nikiendelea kupima hivihivi, siku moja watakufa kwa kipimo sahihi."

Tatizo alilieleza hapa kijijini kwenye mfereji wa ndiva, lile bwawa letu la kumwagilia. Alituonyesha maji yanavyopita juu ya jiwe. Kabla ya jiwe yanakwenda sawa. Yakishavuka yanaporomoka, yanajipindua, yanarudi nyuma, na pembeni kidogo unakuta pametulia kabisa. Akasema, "Jiwe ni mlima wenu. Maji ni kusi. Hapo palipotulia ndipo Same mjini, ndipo kilipo kipima upepo changu. Na hapo panapojipindua ndipo ndege zinapopita." Picha za setilaiti zinaona mawingu, lakini huo upepo unaojipindua chini ya mlima haziuoni. Ilibidi mtu apime juu ya mlima na chini kwa wakati mmoja, siku zote, mpaka ijulikane ni wakati gani rubani azuiwe.

Kwa ajili hiyo alirudi shule akiwa na umri wa miaka thelathini na moja. Shahada ya kwanza Dar es Salaam, 2014 hadi 2017, Elinami alizaliwa katikati. Shahada ya uzamili alimaliza 2021. Mwaka 2022 akaanza uzamivu, ile ngazi ya udaktari wa elimu, na somo lake lilikuwa ni upepo wa mlima huu na usalama wa ndege. Mwalimu wake, Dkt. Hedwiga, yuko nasi leo. Watu walisema, "Mama Faustina anasomea upepo, ataula?" Alisikia. Alisema wamwachie mifupa.

Mnara wa juu wa kupimia upepo, wa mita kumi, uliinuliwa hapa kwenye kilele chetu Agosti 2022. Haukuinuliwa na kampuni. Baragumu lilipigwa, ikawa msaragambo, kama tunavyofanya tukizibua ndiva. Kila nyumba ilitoa mtu. Joshua alichomelea vyuma, wanaume wakabeba, akina mama wakapika. Chini Same, mnara wa pili uliwekwa uani kwa Bi Mwanaidi, mfanyabiashara wa tangawizi, kwa sababu uwanja wake ni wazi. Mwanzoni mashine ilijiandikia yenyewe, lakini ukungu wetu ulizuia sola isichaji. Betri ikafa mara tatu. Irine akasema basi, tusome kipimo kwa macho, tuandike kwa mkono. Saa tatu asubuhi, saa sita, saa tisa. Chini Bi Mwanaidi, juu Mzee Hezroni, mwalimu mstaafu ambaye nyumba yake iko jirani na kilele.

Mwaka wa kwanza, 2023, ukapita. Januari 2024 Irine akakusanya vitabu. Cha Bi Mwanaidi kimejaa. Cha Mzee Hezroni kina mapengo, siku arobaini na moja hakuna kitu. Siku mbili hapa, tatu pale.

Hapa nasema kosa lake, kwa sababu yeye mwenyewe alilisema mbele za watu. Alipanda mlima akiwa na hasira, akamkuta mzee amekaa na wenzake, akamwambia, "Baba Hezroni, kama umechoka si ungeniambia nitafute mwingine?"

Mzee akainuka. Alichukua kofia yake na kile kitabu, akamwambia, "Twende." Akampeleka kwa miguu mpaka kwa kina Kiondo, nyuma ya nyumba, kwenye kaburi. Akafungua kitabu. "Tarehe nne hadi sita Februari. Huyu hapa." Wakaenda kaburi la pili. "Tarehe ishirini na moja Mei. Huyu alikuwa mtoto, tulizika siku hiyohiyo." Wakaenda la tatu, la nne. Walizunguka kijiji mpaka alasiri. Kila pengo lilikuwa na mtu amelala chini yake.

Wageni mliopo labda hamjui. Hapa kwetu mtu akifa, jembe halishikwi mpaka azikwe. Anayeonekana shambani anaitwa na wazee. Na Mzee Hezroni kupima upepo aliona ni kazi, tena kazi ya heshima, kwa hiyo aliiweka chini kama watu wote.

Irine alisimama kwenye kaburi la mwisho akasema, "Nimekaa viwanjani miaka mingi mpaka nimesahau kwamba watu wanafiwa." Jumapili iliyofuata alikuja na mchele na mkungu wa ndizi, akaomba radhi mbele ya kijiji. Mzee Hezroni akasema, "Nimekusamehe tangu kaburi la pili. Nilikuzungusha mengine kwa sababu ulikuwa bado unanikunjia uso."

Sasa tatizo likaonekana kubwa kuliko tulivyodhani. Dkt. Hedwiga alimwambia mapengo yanaweza kukisiwa kwa kompyuta, wengi wanafanya hivyo. Irine akaenda kuyachunguza kwanza. Wazee wetu wanakufa zaidi wakati wa baridi, Juni, Julai, Agosti. Na huo ndio wakati wa kusi kali. Yaani siku zilizokosa kipimo ndizo siku za upepo mkali wenyewe. Kompyuta ikikisia kwa kutumia siku zilizobaki, itasema upepo ulikuwa mdogo. Akamwandikia mwalimu wake, "Nikijaza kwa kukisia, nitakuwa namwambia Yunus kilomita nane kwa mara ya pili. Naomba nianze upya. Mwaka mmoja mzima, usio na pengo hata siku moja."

Dkt. Hedwiga akakubali. Ilibaki Myamba ikubali upepo upimwe hata siku ya msiba.

Wazee walimkatalia Aprili. Wakamkatalia Juni. Agosti 2024 akaja mara ya tatu, na hiyo nilikuwepo. Mzee Mbonea, mwenyekiti wa wazee, akasema, "Mwanangu, sisi hatuna shida na upepo wako. Tuna shida na kesho. Leo tukisema kupima upepo siku ya msiba ni sawa, kesho kijana atasema tangawizi yake inaoza, naye aruhusiwe. Keshokutwa maiti itazikwa na wanawake peke yao."

Irine akauliza, "Baba, siku ya msiba ng'ombe anakamuliwa?"

"Anakamuliwa."

"Kwa nini?"

"Hawezi kungoja. Ataumia."

"Na anayeumia kwa upepo tusioupima ni nani?"

Mzee Mbonea akacheka kidogo. "Maziwa tunakunywa wenyewe. Ndege anapanda nani hapa?"

Kisha mama mmoja wa Kiondo, ambaye hakuwa na ruhusa ya kusema kwenye kikao hicho, akasema akiwa mlangoni, "Yule mpishi aliyevunjika mkono ni binti wa dada yangu wa Gonja. Kwani mlifikiri ni Mzungu?"

Wazee waliomba muda, wakatoka nje, wakarudi. Wakakubali kwa masharti. Mpimaji asibebe jembe wala panga wala chochote cha shamba. Kabla ya kwenda kilele apite kwanza msibani, amwombe mwenye msiba ruhusa. Mwenye msiba akikataa, imeishia hapo. Na akishapima arudi aketi na wafiwa kama wengine. Irine aliyaandika masharti yote kwenye ukurasa wa kwanza wa kaunta buku mpya, wazee wakaweka vidole.

Mwaka wenyewe ulianza tarehe 1 Oktoba 2024. Unaisha tarehe 30 Septemba 2025.

Mwezi uliofuata, Novemba, marehemu aligundulika ana saratani ya titi, na ilikuwa imeshatembea. Alitibiwa Moshi, kisha Dar es Salaam, akarudi Moshi. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, walihangaika naye kweli. Wodini alikuwa na kaunta buku chini ya mto. Ikifika saa tatu na robo Mzee Hezroni anampigia akiwa juu ya jiwe lile lenye mtandao, anamtajia namba. Halafu Bi Mwanaidi anapiga. Mgonjwa wa kitanda cha jirani alimtazama wiki nzima, mwisho akadhani anabeti mpira, akamwuliza kwa siri, "Dada, huo mkeka wako unatoa kweli? Na mimi nipe timu." Irine alicheka mpaka muuguzi akaja kuangalia mashine.

Joshua alimwomba aache. Sitaficha, waligombana. Kaka alisema nguvu kidogo iliyobaki ni ya watoto. Marehemu alimjibu, "Faustina ananitazama. Nikiacha katikati, nitakuwa nimemfundisha nini?" Ni kweli pia kwamba mara nyingine alipokea simu ya upepo kabla ya simu ya mtoto. Alilijua hilo na lilimuuma. Machi mwaka huu alimwita Faustina Moshi likizo nzima, wakakaa wote, na namba akawa anaandika Faustina.

Julai, vitabu vikiwa na miezi tisa, alikuwa ameshaona kinachotokea. Kilele kikiwa na upepo wa kilomita arobaini na zaidi, na wakati huohuo uani kwa Bi Mwanaidi kumetulia, basi usipite kando ya mlima chini chini. Zunguka au panda juu. Utulivu wa Same, ambao sote tuliudhani ni usalama, ndiyo dalili yenyewe. Alimwambia Kapteni Yunus kama rafiki, siyo kama ofisi, kwa sababu ofisi haiwezi kutoa onyo kwa utafiti ambao haujakamilika. Tarehe 23 Julai Kapteni akampigia simu. Irine akaweka sauti ya juu tusikie. Kapteni akasema, "Namba zako za asubuhi nimezipata. Nimezunguka, nimechelewa dakika kumi na mbili."

"Na abiria?"

"Wamelala."

Irine akasema asante, akakata.

Tarehe 28 Agosti aliomba kuletwa Myamba. Madaktari walishatuambia. Tulimlaza chumba cha mbele, dirisha linalotazama kilele. Kipimo cha mwisho alichoandika kwa mkono wake ni cha Jumatatu tarehe 8 Septemba, saa tisa alasiri. Alifariki kesho yake, Jumanne tarehe 9 Septemba 2025, saa kumi na mbili kasoro dakika kumi asubuhi, mama yake akiwa amemshika mguu na mume wake amemshika mkono. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na miwili, miezi mitano na siku ishirini na sita.

Saa tatu kasoro robo asubuhi hiyo, Mzee Hezroni alikuja. Hakubeba kitu. Alisimama mbele ya Joshua aliyekuwa amekaa kwenye benchi nje, akasema, "Mwanangu, nimekuja kuomba ruhusa kama ilivyoandikwa."

Joshua akamwambia, "Baba, kwa huyu naomba tuache. Miaka mitatu nimegawana mke na mnara. Leo awe wangu."

Mzee akasema, "Sawa. Neno ni la mwenye msiba." Akakaa chini pembeni yake. Hakuna aliyemlaumu kaka, wala mimi simlaumu. Tulijua siku mia tatu arobaini na tatu zinakufa pale.

Faustina akatoka ndani. Alimwekea baba yake kaunta buku mapajani, juu yake kalamu, akarudi kwa bibi yake. Joshua akafungua. Ukurasa wa siku hiyo ulikuwa umeshapigwa mistari kwa rula, tarehe imeandikwa, vyumba vitatu vitupu. Akafungua wa mbele yake, nao umepigwa mistari. Na wa mbele yake. Irine alikuwa ameipiga yote mpaka tarehe thelathini.

Joshua akasimama. "Baba, twende. Wewe utasoma, mimi nitaandika. Kama sioni vizuri utanielekeza mstari."

Walipanda wawili, kaka akiwa peku. Walifika wamechelewa, na Joshua ameandika hivyohivyo, hakudanganya. Saa tatu na dakika saba. Kilomita arobaini na moja kwa saa, kusini-mashariki. Chini kwa Bi Mwanaidi, shwari. Siku hiyo ndege hazikupaswa kupita.

Marehemu ameacha mume, Joshua Mbwambo, watoto wawili, Faustina wa kidato cha pili na Elinami wa darasa la nne, mama mzazi, Ruthi Mrindoko, mama mkwe, kaka watatu na dada wawili, mashemeji, mawifi, wapwa, na wapimaji wenzake wawili, Mzee Hezroni na Bi Mwanaidi, ambao aliagiza waandikwe kwenye ndugu.

Dkt. Hedwiga ametuambia wazi kwamba kuhusu cheti cha udaktari hawezi kuahidi, hilo ni la kikao cha chuo. Lakini onyo la marubani halihitaji jina la aliye hai. Linahitaji mwaka uliokamilika, na yeye ataliandika.

Kwa hiyo nina matangazo mawili. La kwanza, saa tisa kamili leo huenda tukawa bado tunafukia. Mtamwona Mzee Hezroni na Joshua wanatoka kaburini na kupanda kilele. Msinong'one. Mwenye msiba ameruhusu. Tuwasubiri, wakirudi ndipo tuweke mashada.

La pili. Baada ya leo zimebaki siku kumi na nane. Sisi ni wanadamu, hatujui nani kati yetu atafiwa ndani ya hizo siku. Familia ya Mbwambo na ya Mrindoko tunaomba, kila nyumba ya Myamba iliyopo hapa, itupe ruhusa yake sasa, mapema, wakati tuna nguvu ya kusema. Mzee Mbonea amesema yeye wa kwanza, na kama ni yeye mwenyewe atakayekufa, tusije hata kumwuliza mke wake, twende moja kwa moja. Wanaokubali wanyanyue mkono, Faustina ataandika majina.

Bwana ampokee mtumishi wake Irine Namkunda, ampe mapumziko ambayo hapa hakuyataka. Amina.